Huuzi Majani: Miaka Yangu na Kilimo cha Artemisia

Mahindi yakikosa mnunuzi, unayala. Maharage vivyo hivyo. Ndizi zikikosa lori la kwenda Dar es Salaam unapika mtori, unawagawia majirani, zilizobaki zinaivia ndani na watoto wanazimaliza. Artemisia, mmea unaotolewa dawa ya malaria, ikikosa mnunuzi haina kazi nyingine nyumbani. Ng'ombe haigusi, mbuzi anainusa na kugeuza shingo. Niliwahi kukaa na magunia yake ghalani mpaka panya wakahama, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata msimu ule.

Nayasema haya mapema kwa sababu siku hizi "mazao ya dawa" yamekuwa wimbo. Kijana anaona video, mtu amesimama katikati ya milonge anataja mamilioni kwa ekari, na jioni ananipigia simu. Hapa kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru watu wanajua kwamba nililima artemisia tangu ilipoingia, kwa hiyo wananielekezea. Siwakatishi tamaa. Ila kuna jambo moja nataka lieleweke kabla hatujafika kwenye mbolea na nafasi kati ya mche na mche: katika zao la dawa huuzi majani, wala magome, wala mizizi. Unauza kitu kilichomo ndani yake, hukioni, huwezi kukipima kwa mkono, na mara nyingi anayekipima ni yuleyule anayekununua.

Artemisia ilitukuta tuna njaa ya fedha. Mwaka 2001 bei ya kahawa katika soko la dunia ilianguka kuliko ilivyowahi kuanguka kwa miaka 30, na watu wakaanza kung'oa mibuni waliyorithi ili wapande nyanya. Kung'oa mbuni kwetu si jambo dogo. Siku shemeji yangu alipoingia kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la kahawa na ndizi, na shoka mkononi, mama mkwe alisusa chakula mpaka kesho yake.

Wakati huohuo malaria ilikuwa imezishinda dawa. Klorokwini, ile iliyokuwa inatuwasha mwili usiku kucha, iliondolewa na serikali mwaka 2001 ikaja SP. SP nayo haikukaa. Mwishoni mwa 2006 ndipo ikaingia ALu, hii tunayoiita dawa mseto mpaka leo. Dawa mseto ina viungo viwili, na kimoja, atemetha, hutengenezwa kutokana na artemisinini inayokamuliwa kwenye majani ya artemisia. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshazihimiza nchi zenye malaria sugu zihamie kwenye dawa za aina hiyo, kwa hiyo viwanda vikahitaji artemisinini nyingi na kwa haraka. Majani mengi yalikuwa China na Vietnam. Wanunuzi wakaanza kutazama nyanda za juu za Afrika Mashariki: Kenya, Kabale kule Uganda, na kwetu Tanzania.

Mkutano wetu ulifanyika ofisi ya kata. Watu wa kampuni walikuja na bwana shamba wao, kijana mpole, na mfano wa mkataba. Nakumbuka mzee mmoja wa kahawa aliuliza swali moja tu: "Hiyo dawa, nikivuna, naweza kumuuzia mwingine asiyekuwa wewe?" Kijana akajibu kwamba kwa sasa mnunuzi ni mmoja, ila kampuni itanunua yote. Mzee akashukuru, akachukua kofia yake, akaondoka. Wengine tulibaki tukaandikisha majina, na kwa misimu ya mwanzo tulimcheka sana yule mzee, maana fedha ilikuja kweli.

Mbegu ndiyo iliyotushangaza kwanza. Ni ndogo kama ugoro. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000, kwa hiyo za kutosha ekari nzima zinakaa kwenye kiganja na kiganja hakihisi kitu. Bwana shamba alitukataza kufungua kipakiti penye upepo. "Shikeni pumzi, akina mama," alisema, "ukipiga chafya hapa umepoteza nusu shamba." Tulizichanganya na mchanga uliochekechwa, tukazitawanya juu ya kitalu kilichosawazishwa hadi kikawa laini kabisa, halafu ikaja amri ambayo kila mmoja wetu aliivunja moyoni kama si kwa mkono: usifukie. Mbegu ya artemisia inahitaji mwanga ili iote. Mwanamke aliyesia mchicha maisha yake yote, mkono wake unasogea wenyewe kuvuta udongo. Ilibidi wengine wasimamiwe.

Kumwagilia nako kulikuwa na masharti. Ndoo hapana, hata keni ya matundu hapana, maana tone zito linazisomba mbegu zote kwenye kona moja. Tulitumia pampu ya kunyunyizia, ile ya mgongoni, lakini mpya, isiyowahi kutiwa sumu ya nyanya. Sababu haikuwa miche peke yake. Majani yanayokwenda kuwa dawa hukaguliwa mabaki ya viuatilifu, na pampu iliyotumika msimu uliopita kwenye nyanya inaweza kukuharibia mzigo hata kama wewe mwenyewe hukupulizia kitu. Huo ulikuwa mwanzo wa kuona kwamba tumeingia katika ukulima wa namna nyingine. Nyanya anaikagua mnunuzi kwa macho. Hii inakaguliwa na mashine.

Miche ilikaa kitaluni kati ya wiki sita na nane, tukaihamishia shambani masika ilipokolea, mita moja kwa mita moja, karibu miche 4,000 kwa ekari. Waliopita njiani walicheka. Shamba lilionekana tupu, vijimche vimesinzia mbalimbali, na watu wakauliza kama tumeishiwa mbegu. Tulipanda maharage katikati mwanzoni, jambo ambalo mkataba haukulitaja na bwana shamba alijifanya halioni. Miezi mitatu baadaye hakukuwa na nafasi ya kupita. Artemisia ikishiba mvua inampita mtu urefu, na ukitembea katikati yake jioni nguo zinashika harufu isiyotoka kwa kufua mara moja.

Sasa, kuna jambo la kijiografia ambalo vijana wanaonipigia simu hawalijui, nami nililielewa kwa sababu yule bwana shamba alikuwa mwalimu mzuri. Artemisia inahesabu saa za mchana. Kule kwao China wakati wa kiangazi mchana ni mrefu, mmea unashughulika na majani. Mchana ukianza kufupika unajua muda umekwisha, unatoa maua. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Aina ya kawaida ikipandwa huku, hasa sehemu za chini zenye joto, inakimbilia maua ikiwa bado fupi, na majani yenyewe machache. Ndiyo maana ilitafutiwa milima, na ndiyo maana tulipewa mbegu chotara iitwayo Artemis, iliyotengenezwa Uswisi ili ichelewe kutoa maua na iwe na artemisinini nyingi, zaidi ya asilimia 1 mambo yakienda vizuri.

Chotara maana yake unaijua kwenye mahindi. Ukivuna mbegu yako mwenyewe, kizazi cha pili hakifanani. Jirani mmoja alijaribu, akaona kwa nini asubiri vipakiti vya kampuni wakati shamba limejaa mbegu bure. Msimu uliofuata alikuwa na mimea ya kila namna: mirefu, mifupi, mingine ilichanua kabla ya kufika kiunoni. Kwa hiyo kabla hujapanda unamtegemea mnunuzi kwa mbegu, na baada ya kuvuna unamtegemea kwa soko. Mbuni ulioachiwa na babu haukuwa na tabia hiyo.

Uvunaji una siku zake. Artemisinini hupanda kadiri mmea unavyokua, hufikia kilele karibu na wakati wa kutoa maua, kisha hushuka. Ukiwahi umekosa, ukichelewa umekosa. Tulifundishwa kuangalia vitufe vidogo mno kwenye ncha za matawi, vya kijani, ukubwa wa kichwa cha pini. Ukiviona, unakata. Haijalishi kama kuna msiba, harusi, au mtoto anatakiwa apelekwe shule ya bweni. Tulikata kwa panga chini kabisa ya shina, tukaiacha ilale shambani inyauke, kisha tukaibeba hadi kivulini kwenye turubai kumalizia kukauka.

Kupiga majani ndiyo kazi ninayoikumbuka kwa mwili. Matawi yakishakauka unayapiga kwa fimbo, majani yanapukutika, halafu unachekecha kutoa vijiti. Vumbi lake ni la kijani, jepesi, linaingia kwenye nywele hata ukijifunga kanga mara mbili. Linashika midomo. Jioni unanawa kwa sabuni, unakaa kula, na tonge la kwanza la ugali ni chungu. Unanawa tena. Tonge la pili chungu. Watoto walikataa kulishwa na mimi wakati wa mavuno. Walimwendea bibi yao. Baadhi ya wenzetu vifua vilibana na macho yakavimba, ikabidi wapewe kazi ya kushona magunia nje. Barakoa hazikuwa kwenye mkataba. Zao lolote la dawa lina nguvu, na nguvu hiyo haisubiri kufika kiwandani ndipo ianze kufanya kazi.

Ukitaka kujua kwa nini kupiga na kuchekecha kulikuwa na adabu yake, tazama jani lenyewe kwa karibu. Artemisinini haiko kila mahali ndani ya mmea. Inakaa kwenye vifuko vidogo vya mafuta juu ya jani na kwenye maua, vidogo kiasi kwamba macho matupu huona tu kama jani linang'aa kidogo. Kwenye shina hakuna kitu cha maana. Kila kijiti kinachobaki guniani kinaongeza kilo na kupunguza asilimia. Jani likilowa linaota ukungu. Likikaushwa kwa moto mkali linaharibika. Joto na mmea huu hawapatani, na ndiyo siri iliyomfungulia mlango mtafiti Mchina Tu Youyou. Alisoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, yaliyoelekeza kuloweka konzi ya majani kwenye maji, kuyakamua na kunywa juisi yake, pasipo kuchemsha. Mwaka 1971 akabadilisha njia yake, akakamua kwa kimiminika cha etha kwenye joto dogo, na dawa ikafanya kazi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli. Bwana shamba wetu alikuwa ameshatusimulia kisa chake miaka mingi kabla ya tuzo hiyo, akiwa amekaa juu ya gunia.

Halafu siku ya kuuza. Mzani wa kilo tunaujua, tumeuzoea kwenye kahawa, na mtu akichezea jiwe la mzani tunamkamata. Lakini hapa kilo ilikuwa nusu ya hesabu. Mtu alikuja na bambo, akachoma kila gunia, akatoa majani kidogo, akayachanganya, akatia kwenye mfuko na kuandika namba. Mfuko ukaenda maabara. Tukasubiri. Mkataba ulitaja kiwango cha chini cha artemisinini. Juu ya hapo bei nzuri, chini ya hapo bei inakatwa au mzigo unakataliwa. Karatasi ilipokuja ilikuwa na jina langu na namba moja yenye desimali. Mimi na dada wa shamba la pili tulipanda mbegu ileile, kitalu kimoja, mvua ileile, tukakata wiki moja. Yeye asilimia 0.8, mimi 0.6.

Tulikaa na karatasi zile kibarazani tukitafuta sababu. Labda vijiti. Labda turubai langu lilipata unyevu usiku. Labda gunia lililochomwa bambo lilikuwa la majani ya mwisho. Sikusema wametudanganya, na mpaka leo sisemi. Siwezi pia kusema hawakutudanganya. Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa zao hili: sikuwa na namna ya kujua. Wakulima wa miwa wa Kilombero na Mtibwa wanalifahamu jambo hili kwa muda mrefu, maana muwa nao hulipwa kwa sukari iliyomo. Lakini angalau muwa unautafuna, ukajua kama ni mtamu. Artemisia ya 0.6 na ya 0.8 zina uchungu uleule mdomoni.

Ukifanya hesabu ya hizo desimali unaona si mzaha. Kilo moja ya majani makavu yenye 0.8 ina gramu 8 za artemisinini. Dozi kamili ya mtu mzima ya dawa mseto ni vidonge 24, kila kimoja na miligramu 20 za atemetha, jumla miligramu 480. Toa kinachopotea kiwandani, bado kilo moja ya majani inatosheleza wagonjwa kadhaa. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilifurahi. Nilipoilinganisha na nilicholipwa kwa kilo, furaha ikapungua kidogo, ingawa najua kati yangu na kidonge kuna kiwanda, kemia, meli na vibali.

Kisha bei ikaanguka. Mwaka 2005 kilo ya artemisinini duniani ilipita dola 1,000. Dunia nzima ikasikia, wakulima China wakapanda, Vietnam wakapanda, sisi tukapanda. Ilipofika 2007 kilo ilikuwa kama dola 200. Sisi hatukuwa na hisa katika mchezo huo isipokuwa majani ghalani. Mnunuzi alianza kuchelewesha malipo, halafu akapunguza ekari, halafu simu ikawa haipokelewi. Yule bwana shamba mpole alikuja mwenyewe kutuaga, kwa usafiri wake. Tulimpikia chai. Hakuwa na jibu, naye mshahara wake ulikuwa umekwama.

Wengi hapa wanafikiri bei iliangushwa na watu wabaya. Mimi nilikuja kuona sababu ni ya kuchosha zaidi. Mgonjwa wa malaria wa Kigoma hanunui artemisinini sokoni. Kwa sehemu kubwa dawa mseto hununuliwa na serikali na wafadhili, kama Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, na oda zao zinafuata bajeti na vikao. Kutoka kusia mbegu hadi kidonge kufika zahanati ni zaidi ya mwaka. Oda ikichelewa miezi sita huko juu, mimi huku nimeshapanda. Mahitaji ya dawa hayakupungua hata siku moja, watoto waliendelea kuugua; kilichopungua ni karatasi ya oda. Bei ikapanda tena karibu na 2011, na walioingia wakati huo wakakuta hadithi ileile.

Mwaka 2013 likaja jingine. Kampuni ya Sanofi ilianza kutengeneza artemisinini kwa kutumia hamira kwenye kiwanda chake cha Garessio, Italia, kazi iliyotokana na utafiti wa Jay Keasling na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hamira iliyobadilishwa vinasaba inalishwa sukari, inatoa asidi ya artemisini, wakemia wanamalizia. Niliposikia nikasema basi, mwisho wa shamba. Ikawa kinyume. Artemisinini ya majani ilikuwa imeshuka bei kiasi kwamba ya hamira haikuweza kuuzika kwa faida, na kile kiwanda kikauzwa. Teknolojia ya karne hii ilishindwa kushindana na umaskini wa mkulima wa majani. Sijui nicheke au nilie nikilifikiria, kwa hiyo kwa kawaida nacheka.

Miche michache niliiacha pembeni ya boma. Mwaka 2020 ikageuka dhahabu kwa wiki kadhaa. Madagascar walitangaza kinywaji chao cha korona chenye artemisia, mwezi Mei serikali yetu ikatuma ndege kukichukua, na watu ambao miaka kumi walikuwa wanapita bila kusalimia wakaja na mifuko. Wakati huo kila nyumba ilikuwa inapiga nyungu, na tangawizi ya Same ilikuwa inagombewa sokoni. Niliwapa majani waliotaka kujifukiza. Waliotaka ya kutibu malaria sikuwapa, na wengine waliniona mchoyo.

Nieleze hapa, kwa sababu swali hili linarudi kila masika. Chai ya artemisia ina artemisinini, ndiyo. Lakini kiasi gani? Wewe uliyesoma mpaka hapa umeona: mashamba mawili yaliyopakana yamepishana kwa robo nzima, bado hujachemsha, na joto lenyewe lina hasara yake. Mgonjwa anakunywa kikombe, homa inashuka, anaona amepona, vimelea vimebaki. Vimelea vilivyoonja dawa kidogo ndivyo vinavyojifunza kuishi nayo. Dalili za vimelea vinavyostahimili artemisinini zimeshaonekana Rwanda, Uganda, na huku kwetu Kagera. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa majani haya, na mimi niliyeyalima sina hamu ya kubishana nalo. Mtoto wangu akipata malaria anapimwa, anakunywa vidonge mpaka cha mwisho. Sioni haya kusema hivyo na harufu ya artemisia bado iko ghalani kwangu.

Siku hizi nalima mchaichai na rosmari, kidogo kidogo, pamoja na akina mama tuliobaki kwenye kikundi. Tunakausha, na sehemu tunakamulia mafuta. Hivi vina soko la dawa na la jikoni pia. Mnunuzi wa mafuta akinuna, wa majani ya chai yupo, na hoteli za Arusha zinachukua rosmari mbichi. Mipakani mwa kihamba nimepanda Prunus africana, mti ambao gome lake linatengenezewa dawa ya tezi dume Ulaya. Biashara ya gome hilo inadhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa CITES tangu 1995, kwa sababu miti ya porini ilichunwa mpaka ikafa. Kwa hiyo usipande ukidhani utachuna na kupeleka sokoni kama ndizi. Inahitaji vibali, na inahitaji miaka zaidi ya kumi. Nimewapandia wajukuu. Nyuki wanaipenda, kivuli chake ni kizuri kwa mibuni.

Ndiyo, mibuni imerudi.

Kijana anayetaka kuanza namuuliza maswali kabla hajaniuliza. Usipompata mnunuzi wako, nani mwingine atalichukua? Mbegu unaipata wapi msimu wa pili? Nani analipa mzigo ukikataliwa, na ukikataliwa unarudishiwa au unabaki kiwandani kwao? Na kama una mpango wa kufunga mwenyewe kwenye pakiti na kuandika kwamba inatibu sukari au presha, umeshakwenda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Sheria ipo tangu 2002, namba 23. Wengi wanakatikia kwenye swali la kwanza, wanaahidi kunipigia tena.

Lakini swali ninalolisimamia zaidi ni la sampuli. Msimu uliopita alikuja kijana wa kampuni ya mafuta ya mimea, ana mkataba uliopigwa chapa vizuri, malipo kwa kilo na kwa asilimia ya mafuta yaliyomo kwenye majani. Tukamwambia tunataka kipengele kimoja. Bambo likichomwa, majani yagawanywe mifuko mitatu mbele yetu: mmoja wake, mmoja wetu, wa tatu ufungwe kwa lakiri na ukae ofisi ya kata. Namba ikituletea mashaka, tunaupeleka ule wa tatu kwenye maabara ambayo si yake wala si yetu. Kwa kanda hii mahali pa kuanzia kuulizia ni ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Arusha mjini. Gharama ya kupima analipa atakayeonekana amekosea.

Kijana akatutazama. "Mama, ina maana hamtuamini?"

"Tunakuamini, mwanangu," akajibu katibu wetu, "ndiyo maana tunataka iandikwe ukiwa bado wewe ndiye uliyepo."

Akatoka nje kupiga simu kwa wakubwa wake. Tulimsikia akizunguka nyuma ya banda la ng'ombe, anaeleza, anasikiliza, anaeleza tena. Aliporudi alisema wamekubali mifuko miwili, wa tatu wanaona ni usumbufu. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukaafikiana miwili kwa msimu huu, wetu ukae ofisi ya kata badala ya nyumbani kwetu, na suala la wa tatu lifunguliwe upya mkataba utakapohuishwa mwezi wa sita. Katibu ameliandika kwa kalamu pembeni ya ukurasa wa pili, na kijana ametia saini palepale.